Nyama ya Mbu

Pale Burma, juu ya mlango wa bucha la Gachanja,
kuna bango nililoliacha likisema NYAMA YA MBU.
Herufi mbili zilibaki kwenye brashi.
Wapita njia wanacheka, wanauliza kilo ni pesa ngapi,
na Gachanja hunipigia simu: Fundi Musembi,
ukipata nafuu njoo unimalizie mbuzi wangu.

Sikumbuki kuanguka.
Nakumbuka nikiipima Z kwa jicho,
kisha nyuso zimeniinamia,
mmoja ananinusisha kitunguu, mwingine kiatu,
na kijiko cha chai kimelazimishwa katikati ya meno
hadi kikaondoka na kipande cha jino la mbele.
Mwenye kijiko alikidai.
Jino halikudaiwa na mtu.

Ya pili ilikuwa nyumbani, Umoja, ghorofa ya tatu,
maharagwe yakiungua.
Mutheu alihesabu kwa simu: sekunde tisini na nne.
Hajaacha kuhesabu. Usiku nikijigeuza
namsikia gizani: moja, mbili, tatu…
Lala, mama Kyalo. Nabadilisha ubavu tu.

Daktari ni kijana, ana kalamu tatu mfukoni.
Amesema huenda. Amesema tusikimbilie jina.
Kipimo cha mawimbi ya ubongo ni tarehe kumi na tisa;
mashine ile nyingine, ya kuingizwa kama mkate,
imeharibika, tungoje simu.
Hadi hapo, daftari: tarehe, saa,
ulilala vipi, nini kilitangulia.
Ninaandika kwa mwandiko wa mabango, herufi kubwa,
kana kwamba kuna mteja atakayesoma
kutoka ng'ambo ya barabara.

KILICHOTANGULIA: HARUFU YA THINA.
Sasa niambie, mimi niliyekula rangi miaka kumi na saba,
nitajuaje kama ni kopo limeachwa wazi
au ni kichwa kinafunguka kifuniko?
Makopo yote nimeyahamishia kwa jirani.
Harufu imebaki kwenye kucha.

Shangazi amepiga simu kutoka Wote, anamjua aliyeniroga.
Mchungaji ana mafuta.
Bawabu ana binamu aliyepona kwa kuacha sukari.
Wote wana jina, isipokuwa yule aliyelisomea.
Na liko lile ambalo nyumbani hatulitamki.
Nililichora mara moja kwenye gazeti kuukuu
nilione sura:
KIFAFA.
Kama mtu aliyetaka kusema kifo
akashikwa na kigugumizi.
Nikalipaka nyeupe juu. Mara mbili,
maana mara ya kwanza lilionekana bado.

Pengine si lenyewe.
Asubuhi naweza kuishi na lolote, hata vidonge vya maisha,
nawapangia hata kisahani chao karibu na chumvi.
Ikifika jioni siwezi kuishi hata na hiyo pengine.

Ngazi imekuwa ya kuanikia. Soksi za Kyalo
zimepanda hadi kidato nilichokuwa nikisimama.
Nachora vibao vidogo nikiwa nimekaa sakafuni:
VYUMBA VIPO. USIKOJOE HAPA.
Mkono haujasahau kitu. Mkono
hata haujui kwamba siku ile ulipiga lami
kama unabisha hodi.

Bafuni sifungi komeo tena, ndiyo sheria.
Kyalo, miaka saba, ndiye askari wa zamu,
amekalia ndoo iliyofudikizwa nje ya mlango,
anamung'unya mabuyu, vidole vyekundu,
na kila anapotema kokwa anauliza,
Baba, uko?
Niko.
Povu machoni, maji yanapoa.
Uko?
Niko.
Kokwa inagonga sakafu.
Na sasa?
Niko, Kyalo. Nipe taulo.